Alhamisi, Chini ya Kanisa

Miaka arobaini na mitatu nimekalia kiti kimoja,
dirisha moja, hapa Oulu, theluji ikipanda kioo,
lenzi jichoni, kibano mkononi,
nikitengeneza saa.
Saa hainuki. Saa haikuulizi umelalaje.
Ukiifungua mgongo utaona meno yakiumana kwa adabu,
springi imejikunja kama mtoto aliyelala,
na kosa, likiwepo, liko mahali pamoja,
nawe utalitoa ukiwa umebana pumzi.

Kanisani pia nilikuwa na kiti changu:
safu ya tisa, nyuma ya nguzo,
mhubiri hunisikia nikikohoa ila hanioni.
Niliimba kwa kunong'ona. Nilitoa sadaka kwenye bahasha.
Nikadhani hiyo ndiyo imani: kufika kwa wakati.

Ndipo Saimi, shemasi, mwanamke mfupi wa viatu vya mpira,
akanishika kiwiko mlangoni
kabla sijavaa glavu:
"Ensio, mikono yako haitetemeki.
Alhamisi tunakata kucha za watu wasio na kwao,
kule chini, karibu na jiko. Njoo."

Nikamwambia nina mafua.
Jumapili ya pili nikamwambia nina saa ya mtu, anaitaka kesho.
Ya tatu sikuwa na uongo uliobaki.

Sitasema nilisikia sauti. Sikusikia.
Nilisali usiku ule, sala fupi, ya kibahili:
Bwana, mtume mwingine. Yupo Reijo, anapenda watu.
Kukawa kimya, kimya cha saa iliyosahauliwa kutiwa ufunguo,
na humo kimyani nikajua nimeshaitwa,
na kwamba anayeita anajua kungoja.

Ngazi kumi na nne.
Nilizihesabu, maana kuhesabu ndiko kulikonishika mkono.
Chini: mvuke, kahawa, makoti yaliyolowa,
na harufu, acha niiseme, ya miguu
iliyolala ndani ya viatu tangu Oktoba.
Tumbo likanigeuka.
Mguu wangu mmoja ulikuwa bado kwenye ngazi.

Wangu wa kwanza aliitwa Urpo.
Soksi ilikuwa imeshikana na ngozi;
niliilowesha, nikaivua uzi kwa uzi.
Kucha nene kama pembe, zimejipinda, zimerudi nyamani.
Nikapiga magoti kwenye saruji,
magoti haya yaliyozoea kijimto cha altareni,
nikashika kisigino chake.
Kilikuwa cha moto.
Hilo sikulitarajia, kwamba kingekuwa cha moto,
kwamba ndani yake kulikuwa na mapigo
yanakwenda tu, bila fundi.

Nikakata. Hakusema kitu.
Kidole cha mwisho kilinichukua robo saa.
Nilipoinuka nikifuta jasho,
nikijiona, nakiri, kama mtu aliyemaliza deni,
Urpo akaniangalia viatu.
"Na zako," akasema, "nani anakukatia?"

Tangu Hilkka afariki, hakuna.
Mgongo wangu haufiki tena huko.
Miezi kumi na minane nimetembea juu ya maumivu madogo madogo
nikiyaita uzee.

"Sihitaji," nikasema. "Mimi nimekuja kusaidia."
Nikalisikia neno lile likidondoka sakafuni kama skrubu,
ile ndogo kabisa,
ambayo ikipotea saa nzima husimama.

Urpo alikwisha kusogeza kiti.
Mikono yake ilitetemeka hata mkasi ukawa unalia.
Zile ngazi kumi na nne hazikuwa kitu.
Safari yenyewe ilikuwa hii: kufungua kamba ya kiatu,
kuvua soksi aliyoifuma marehemu, ina tundu,
na kumwachia mguu wangu mtu atetemekaye.

Alinikata kidogo, kidole gumba. Damu, tone moja.
"Samahani," akasema.
"Endelea," nikasema.

Saa ya ukutani kule chini iko nyuma kwa dakika saba.
Naiona kila Alhamisi.
Sijaigusa.